Mfalme Wangu Hakuandika Wosia

Siku mfalme wangu wa kwanza alipokufa, mama alikuwa kwenye kiti cha pili akichambua mrenda. Nilipiga meza kwa kiganja, majani yakaruka, naye akaniangalia vile ambavyo amekuwa akiniangalia tangu niko darasa la tatu.

"Nini tena?"

"Mfalme amekufa."

"Wa wapi?"

"Wa Ireland, mama. Wangu."

Nikageuza laptopu aone. Mzee mwenyewe alikuwa Murchad wa Munster, ambaye gemu ya kompyuta iitwayo Crusader Kings III humkabidhi mgeni anayejifunza, mwaka ukiwa 1066. Kwa jioni tano nilikuwa nimemhangaikia. Nilioza binti zake kwa watu wenye majeshi, nikamtuma askofu wake abuni hati za uongo za kudai ardhi ya majirani (kazi ambayo hapa kwetu hufanywa na mabroka), nikapigana pale ilipobidi. Nusu ya kisiwa ilikuwa na rangi yangu. Kisha mzee akalala, hakuamka, na kabla sijafunga mdomo ile rangi ilikuwa imekatwa vipande vitatu. Wana watatu, kila mmoja na chake. Mimi nikaendelea nikiwa kifungua mimba, nikiwa na kipande kidogo na ndugu wawili ambao tayari walikuwa wananikodolea macho.

Mama alifuta mikono kwenye leso, akasogea kuangalia ramani. "Kwani hakuandika wosia?"

"Hakuna wosia. Sheria yao ni kila mwana apate fungu."

Akarudi kwa mrenda wake. "Basi hiyo si gemu. Hilo ni boma la babu yako."

Na kweli. Babu alikuwa na ekari sita huko Vihiga, si mbali na Mbale. Wana wanne wakagawana, wajukuu wakagawana kilichogawanywa, na leo binamu yangu mmoja ana kishamba ambacho akijinyoosha usingizini atakuwa ameingia kwa jirani. Hakuna aliyetupiga vita. Hakuna adui aliyekuja na mikuki. Tuligawana kwa amani kabisa, kwa chai na mandazi, tukamalizana.

Naleta habari hizi kwa sababu mpwa wangu, ambaye anakaa na mama pale Migosi, Kisumu, akingoja matokeo ya kidato cha nne, amenitumia ujumbe mara tatu: "Anko, nitafutie gemu ya kujenga dola. Kubwa. Ya kuteka dunia nzima." Mara ya kwanza nilimjibu kwa jina moja la gemu. Mara ya pili nikaandika aya mbili. Sasa nimeona niketi nimwandikie vizuri, na wewe unayesoma ukijisikia umeingilia mazungumzo ya watu, karibu tu, kiti kipo.

Kwanza nimwambie kitu ambacho hatakipenda. Kuteka dunia ndiyo sehemu nyepesi ya gemu hizi. Ukishajifunza vitufe, jeshi kubwa humshinda dogo na rangi yako inaenea kama chai kwenye kitambaa. Kinachotofautisha gemu nzuri na ya kawaida ni kile kinachotokea ukishapata. Nani anarithi? Nani analipwa? Nani amekasirika kimyakimya kule pembeni? Gemu ambayo haiulizi maswali hayo ni ya kupiga vita, na za aina hiyo mpwa wangu anazo tele kwenye simu.

Mimi mwenyewe nilianzia huko kwenye vita. Kulikuwa na saiba moja Kondele, shilingi moja kwa dakika, mashine sita na feni moja iliyoelekezwa kwa mwenye saiba. Tulicheza Age of Empires II, ya mwaka 1999, wawili kwa kiti kimoja, mmoja akishika mausi na mwingine akishika kibodi na pumzi. Ilikuwa raha, na hata leo inachezwa. Nyongeza ya mwaka 2015 iliwaleta Wamali, Wahabeshi na Waberiberi, kwa hivyo huna haja ya kuwa Mwingereza kila siku. Lakini pale unakata kuni, unachimba dhahabu, unavamia, mnaachana. Baada ya saa moja hakuna dola, kuna majivu na mshindi.

Saiba hiyo hiyo ndiyo iliyonionyesha Civilization IV, ya mwaka 2005. Ilifunguka, dunia ikazunguka kwenye giza, na kwaya ikaanza kuimba. Kwa Kiswahili! Sote tuliacha tulichokuwa tunafanya. Mtu aliyekuwa anaandika barua ya kuomba kazi aligeuka na kiti chake. Wimbo ni Baba Yetu, ile sala tunayoijua wote, na mtunzi wa muziki ni Mmarekani, Christopher Tin. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu ya video kuipata. Miaka kadhaa baadaye mama aliusikia kutoka chumbani kwangu akauliza ni kwaya ya kanisa gani. Nilimwambia ni ya gemu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nimwekee kwenye flashi.

Civilization huchezwa kwa zamu. Unaamua, unabonyeza, wengine wanaamua, inarudi kwako. Kutoka kijiji kimoja chenye watu wa mikuki hadi roketi. Ugonjwa wake ni mmoja, unaitwa "zamu moja tu", na nimewahi kuusikia muadhini wa alfajiri nikiwa bado nasema zamu moja tu. Ile ya sita, ya mwaka 2016, ndiyo ningempa mpwa kama angekuwa na mashine ya maana; ya saba imetoka Februari 2025 na inaweza kungoja. Lakini Civilization ina kasoro moja ninayoiona kila mara. Mtawala hafi. Ukianza na Mansa Musa miaka elfu nne kabla ya Kristo, utamaliza naye akirusha setilaiti, amevaa kofia ile ile. Hakuna mirathi, hakuna shangazi mwenye hasira. Dola bila jamaa.

Ndiyo maana nasema gemu yake kubwa ya kwanza iwe Crusader Kings. Huko huongozi nchi, unaongoza ukoo. Wewe ni mtu, una tumbo, una hasira, una mfadhaiko unaopanda ukilazimishwa kufanya jambo lisilo la tabia yako. Ukiwa mpole ukaamuru mtu anyongwe, unaugua. Ukifa unakuwa mwanao, na kama mwanao ni mjinga, basi wewe ni mjinga hadi atakapokufa. Ukiishiwa na warithi wa ukoo, gemu imekwisha, hata kama jeshi lako lilikuwa la maelfu. Ujanja wa mwanzo wote ni kuishi na ile sheria ya kugawana hadi maarifa ya ufalme wako yakuruhusu kuibadilisha ili kifungua mimba achukue vyote, na hilo huchukua karne nyingi. Katikati hapo watu wamebuni njia za kila aina. Wengine humpeleka mwana wa pili akawe mtawa. Wengine huhakikisha hawazai sana. Wengine, sitasema ni nani, huwaacha wana wa kati waongoze vita vya mstari wa mbele.

Mama alipoielewa hiyo ya mwisho alisema mchezo huu ufungwe. Kesho yake akauliza yule mdogo ameoa nani.

Kasoro yake ni ramani. Upande wetu inafika Uhabeshi na Pembe ya Afrika tu. Pwani ya Waswahili imeachwa nje. Ukitaka kucheza nyumbani, au karibu na nyumbani, hamia Europa Universalis IV, ya mwaka 2013, kutoka kwa Waswidi wale wale wa kampuni ya Paradox waliotengeneza Crusader Kings. Saa inaanza tarehe 11 Novemba 1444, siku moja baada ya vita vya Varna, na inaisha 1821. Jina lina Ulaya ndani yake lakini ramani ni dunia nzima. Teremsha kidole pwani ya Bahari ya Hindi na utamkuta Kilwa. Na Mombasa. Na Malindi. Ingia bara utaona Buganda, Bunyoro, Rwanda.

Kilwa ndiyo iliyonifundisha gemu hii, na Kilwa ndiyo iliyonikasirisha. Unaanza ukiwa tajiri kiasi, dhahabu ya Sofala iko kusini, majirani wako ni wadogo. Unampokonya Mombasa, unajiona. Kisha unafungua ramani ya biashara. Bahari imejaa mishale, kila kituo kikisukuma mali kwenda kituo kinachofuata, nawe una mfanyabiashara unayeweza kumtuma akusanye pesa mahali au asukume mali mbele. Nilimtuma mtu wangu asukume pembe na dhahabu kurudi Zanzibar. Haikubali. Nikajaribu tena, nikidhani nimekosea kitufe. Nikaenda kusoma. Mishale ile imechorwa na watengenezaji, haigeuki, na ukiifuata yote inaishia kwenye vituo vitatu: Venice, Genoa na Mlango wa Uingereza. Ungekuwa na manowari mia tano, mto hautapanda mlima.

Nilikaa na hasira kama wiki nzima. Halafu nikarudi, kwa sababu kuna raha ya aina yake kukaa na kikombe chako pale mto unapopita na kuchota kila unachoweza kabla hakijakupita. Weka meli zako zote Zanzibar, zuia nguvu ya wageni isiote mizizi hapo, kusanya. Wareno watakuja. Kwenye historia yenyewe, Vasco da Gama alipita Malindi mwaka 1498, na 1505 Francisco de Almeida akaishambulia Kilwa, kisha Mombasa. Kwenye gemu yangu walikawia, nikawasubiri na jeshi la mshahara hadi nikawa na deni. Walipotokea walikuwa meli tatu tu, wakaangalia, wakaenda zao. Deni nililipa miaka arobaini.

Kitu kimoja waungwana hawa wamekirekebisha. Hapo zamani mataifa ya Afrika yalibandikwa adhabu ya kudumu, kila teknolojia ikiwagharimu zaidi kwa sababu tu ya kundi walilowekwa. Mwaka 2016 mfumo ukabadilishwa. Sasa mambo kama kuchapisha vitabu au biashara ya dunia huzuka mahali, husambaa, na ukiyavuta kwako mapema hauachwi nyuma. Bado yanaelekea kuzuka Ulaya. Lakini Kilwa inayojua kutumia pesa zake inaweza kuwafikia.

Gemu nyingine nitakayoisema kwa kirefu ni Victoria 3, ya mwaka 2022, na hii simpi mpwa kwanza. Inatoka 1836 hadi 1936. Vita ni jambo la pembeni. Kazi yako ni bei ya ngano, viwanda, sheria, wenye mashamba wanaonuna ukiwagusa. Ukipenda daftari la hesabu utaipenda. Mimi nimewahi kuwa mwekahazina wa chama, kwa hivyo niliipenda.

Sasa, tafuta Kisumu mwaka 1836. Pwani iko chini ya Oman. Ziwa lipo. Lakini bara limepakwa rangi za jamii ambazo gemu inaziona kuwa hazina dola, na rangi hizo haziwezi kuchezwa. Unaweza kuzibofya, huwezi kuwa wao. Siku moja nilicheza Uingereza, kwa ubishi tu. Nikatangaza nia, nikaendelea na mambo ya makaa ya mawe, na kila nikirudi kuangalia, rangi ya waridi ilikuwa imesogea. Kipande, kipande. Ilipokaribia ziwa niliisimamisha saa nikatoka nje kununua mkate. Sikuhitaji mkate.

Kwa sababu hiyo hadithi naijua bila gemu. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Desemba 1901, mji huu wa Kisumu ukaitwa Port Florence. Wakati huo sehemu hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa, na babu wa babu yangu akalala kwenye himaya moja akaamkia nyingine bila kuhama kitanda. Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, alichagua kukaa na Waingereza. Wanandi walichagua kupigana, wakaisumbua reli hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Kwenye Victoria 3 mambo haya yapo, kwa jina la mvutano wa kikoloni unaopanda hadi watu wanaasi, na wewe mtawala unaonyeshwa namba. Huku kwetu bado yanajadiliwa kwenye matanga, na hakuna anayekubali kuwa amemaliza.

Sisemi usiicheze. Ni gemu inayoeleza vizuri kuliko zote kwa nini mtu wa mbali angehitaji reli ifike kwenye ziwa lako. Cheza tu ukijua umekaa upande gani wa meza.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Hearts of Iron IV ni Vita Vikuu vya Pili, na wanaoipenda wanaipenda kama dini. Kwangu ni kazi ya stoo, kuhesabu bunduki na mafuta. Nikiongeza kwamba kaka yake babu alikwenda Burma na Kings African Rifles, na kwenye skrini mtu kama yeye ni sehemu ya namba moja tu ya askari wa Uingereza, utaelewa. Stellaris ni sayari na nyota, ukichoka na historia. Total War ina ramani ya zamu na vita vya kuangalia kwa macho, farasi elfu wakiteremka mlima, na itaipika kadi ya grafiki yoyote ya mtumba. Old World, ya mwaka 2021, haijulikani sana hapa na inastahili. Aliyeibuni, Soren Johnson, ndiye aliyeongoza ubunifu wa ile Civilization IV ya kwaya, na safari hii amekumbuka kwamba watawala hufa.

Mambo ya stima sasa, maana hayo ndiyo hasa. Laptopu yangu ya kwanza niliinunua ya mtumba kwenye duka moja mjini, muuzaji akaapa betri inashika saa nne. Ilishika dakika ishirini, na baada ya mwezi, nane. Nilikuwa nacheza ile hali ya Ironman, ambapo huruhusiwi kurudi nyuma kusahihisha kosa, Kilwa yangu ikiwa imefika Hormuz, na ngurumo zikaanza kule ziwani kama kawaida ya jioni. Mtu mwenye akili angefunga. Mimi nilisema mwezi mmoja tu. Stima ikaenda, skrini ikaenda, na iliporudi asubuhi faili halikufunguka tena. Miaka mia moja na kumi ya Kilwa. Tangu siku hiyo nina UPS, kile kifaa cha kushikilia stima ikipotea, na nikisikia ngurumo nafunga hata nikiwa nashinda.

Kwa hivyo kama stima kwenu ni ya kubahatisha, gemu za zamu ni salama zaidi. Hujihifadhi zenyewe kila baada ya zamu chache, na ukipoteza, umepoteza chai moja. Kama mashine ni ya RAM GB 4, Europa ya nne itakwenda mwanzoni na itachechemea ikifika miaka ya 1700. Ile ya tano, iliyotoka Novemba 2025 na inayoanza 1337, usiifikirie hata kidogo, mpwa wangu; mashine ya mama itaota moshi. Bei nayo: subiri mauzo ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, hupunguzwa sana mara kadhaa kwa mwaka, na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inalipa. Usinunue nyongeza siku ya kwanza. Gemu hizi za Paradox huwa na nyongeza nyingi kuliko vifungo vya kanzu ya padri, na ya msingi peke yake inakutosha miezi sita. Kuhusu bando, mimi hupakua kwa waifai ya kazini. Sitaongeza neno hapo.

Lakini kama huna hata shilingi, kuna njia mbili halali kabisa. Crusader Kings II, ya mwaka 2012, gemu yake ya msingi ni ya bure tangu 2019, na ni nyepesi kuliko ya tatu. Picha zake zimezeeka, fitina zake hazijazeeka. Ya pili ni Unciv, gemu huria iliyoigwa kutoka Civilization V, ya bure, inakaa kwenye simu ya kawaida ya Android au kompyuta yoyote. Haina urembo. Miji ni vidoti, askari ni alama. Lakini nimeketi kwenye matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu nikiicheza, na nilishtukia tuko Ahero.

Basi, mpwa, fanya hivi. Anza na Unciv wiki mbili, ujue zamu ni nini na njaa ya mji ni nini. Kisha Crusader Kings ya pili, uchague mtemi mdogo wa Ireland, na usinipigie simu hadi wa kwanza afe. Kilwa tutaicheza pamoja Desemba nikija, na UPS nitakuja nayo.

Unciv nimekuwekea kwenye flashi ile nyekundu. Niliiacha Jumapili juu ya friji, chini ya kitambaa. Nyanya yako anadhani ni yake ya nyimbo, na kwa kweli nusu ni yake, kwa hivyo nakili faili zako uirudishe kabla ya Jumapili nyingine, maana atataka kuichomeka redioni. Ukikuta humo wimbo wa kwaya usiojua ni wa kanisa gani, usiufute.